Mbele Ilegee, Nyuma Ikaze

Karatu,
Alhamisi mchana

Kaka yangu Lemayian,

Nakusalimu wewe, wifi, na kila anayelala ndani ya uzio wa boma letu. Huku Karatu mvua imeshuka mpaka mashamba ya maharage yanateleza, na kila ikipiga kwenye bati najiuliza kama na ninyi huko Oloipiri mmepata hata manyunyu. Kifua cha mama yetu, yeyo, kinaendeleaje? Yule ndama mwenye baka jeupe, niliyemwacha bado anayumba, ameshaanza kufuata wenzake? Mimi ni mzima wa mwili. Goti la kushoto limechubuka na kiganja nimekifunga kitambaa, lakini nakula vizuri na usingizi naupata. Kinachonisumbua ni hasira. Nyingine ni za huku na nyingine ni zako, na zako nimeziweka mwisho ili usiikunje barua mapema.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hatumalizi neno. Wewe unapanda kilimani kutafuta mtandao, upepo unakuvumia sikioni, mimi nikianza kueleza unaita haloo, haloo, halafu unasema ya kwako yote kwa mkupuo na laini inakatika. Barua haikatiki. Atakuletea dereva wa lori la mizigo linalokwenda pande za Loliondo. Isome mwenyewe, taratibu, ukiwa peke yako. Usimpe mtoto aisome kwa sauti mbele ya wazee, maana kuna mahali nimemjibu vibaya mtu mzima, na sitaki waanze kunijadili kabla hawajajua ilikuwaje.

Kazi ni ile ile ya kufua lojini. Wageni wanarudi kutoka kreta wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope, wanajifuta kwa taulo nyeupe, kisha msimamizi ananiuliza mimi kwa nini taulo ina wekundu. Natamani siku moja amuulize mgeni. Mashine ipo, lakini umeme ukikatika mashine ni mikono yetu, na sabuni yao inakula vidole. Nimechoka nayo, kaka, nasema wazi. Naishi bado pale pale kwa Fundi Gwandu, yule Mmbulu anayetengeneza magari ya watalii, kwenye chumba cha uani nyuma ya gereji yake. Yeye na mkewe wamenichukua kama binti yao. Nawaita baba na mama, na sijawahi kujilazimisha.

Sasa nikueleze habari ya ubao, kwa sababu kila nilipojaribu uliniambia, "Mambo ya ubao tutaongea ukija." Ni ubao mfupi wenye magurudumu manne chini yake. Unasimama juu yake kwa miguu miwili, unateremka nao. Mbao hizo zililetwa na wageni waliokuja kujitolea shuleni hapa mjini, walipoondoka wakaziacha, na Elibariki, kijana anayetengeneza simu karibu na soko, akaanzisha klabu. Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani na magari yakiwa machache, tunakwenda kwenye kipande cha lami kinachoshuka kutoka barabara kuu. Tunapanga vikombe vya plastiki kwenye mstari, na unatakiwa kupita kushoto kwa hiki, kulia kwa kile, mpaka chini, haraka, bila kuviangusha. Mchezo wenyewe unaitwa slalomu. Ukiangusha kikombe unaongezewa muda. Usicheke. Nilipoanza walicheka wote, "Mmasai kaacha fimbo, kapanda ubao!" Sasa hivi hao waliocheka nawaacha juu.

Mwezi uliopita klabu moja ya Arusha ilituma habari. Wana uwanja wa watoto, na wanataka mtu mmoja kutoka Karatu. Watamfundisha, watampa kitanda na mshahara, naye atakuwa mwalimu wa watoto hao. Hawakuuliza cheti. Walisema watakuja wenyewe, wapange vikombe vyao, kila mtu ateremke mara mbili, wahesabu ule mteremko wake ulio bora, na mwenye kasi kuliko wote ndiye atakayekwenda. Kaka, niliitaka nafasi hiyo mpaka nikawa naota vikombe. Maisha yangu yote nimefanya vizuri vitu nilivyotumwa. Hiki hakuna aliyenituma.

Basi shida ikaanza kwenye traki.

Usichoke, nitakueleza kidogo tu. Chini ya ubao kuna vyuma viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, ndivyo vinavyoshika magurudumu. Hivyo vyuma ndiyo traki. Ukiegemea upande mmoja, traki inajipinda na magurudumu yanageuka. Ndani yake kuna vipira, kama bushi za gari, na nati inayovibana. Ukiikaza, ubao unakuwa mgumu kugeuka. Ukiilegeza, unageuka upesi. Klabu yetu ina boksi zima la traki zilizoachwa na wale wageni, na hakuna zinazofanana isipokuwa pea chache. Elibariki aliniambia nichague mwenyewe, kwa sababu yeye ni mtu wa kuruka ngazi na kuta, slalomu haijui sana.

Nilianza kwa kuchagua pana kuliko zote, nikizitazama ukubwa, kama mtu mgeni mnadani anavyonunua ng'ombe kwa pembe. Magurudumu yakachomoza nje ya ubao, nikawa naangusha vikombe ambavyo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshavipita. Nikazirudisha kwenye boksi. Nikapata pea nyembamba, nikazilegeza zote mbili ili zigeuke kwa wepesi. Zikageuka, ndiyo, lakini nikipata kasi nyuma inaanza kucheza huku na huku, na ndipo nilipoacha ngozi ya goti langu pale kwenye lami. Nikazikaza zote mbili. Ubao ukanyooka kama lori la vitunguu linalotoka Mang'ola, likishachagua njia haligeuki kwa ajili ya mtu. Jumapili zikawa zinapita. Nikifika kazini na goti bovu msimamizi ananiuliza nimepigwa na nani.

Siku moja Elibariki alikuwa amekaa pembeni ananitazama, akasema, "Dada Nashi, mi naona ya mbele ndiyo inachagua njia. Ya nyuma inafuata tu. Sasa we unazifunga sawa za nini?"

Nilimwelewa papo hapo, kaka, kwa sababu ya ile miaka tuliyokuwa tunashusha ng'ombe Olbalbal kutafuta maji. Anayetangulia unamwacha akate kona mapema anavyotaka. Wa nyuma ndiye unayemshika asiyumbe, akiyumba huyo unawapoteza nusu. Nikaikaza ya nyuma mpaka mwisho, ya mbele nikailegeza. Afadhali kubwa! Lakini kona za vikombe vilivyokaribiana bado zilinishinda. Elibariki akatafuta kwenye simu, akaona wenzetu wa Ulaya wanaweka chini ya traki ya mbele kipande cha mpira chenye upande mnene na upande mwembamba, ili traki isimame kwa kuinama na kugeuka zaidi. Vinauzwa, ila kuviagiza mpaka vifike Karatu hao watu wa Arusha wangekuwa wamekuja na kuondoka.

Unazikumbuka zile katambuga ulizonikatia kwa tairi la lori, nilipokuwa naondoka nyumbani? Ninazo bado. Kisigino cha mguu wa kulia kimelika upande mmoja kwa namna ninavyotembea, unene huku, wembamba kule. Nilikitazama, nikatazama simu ya Elibariki, nikachukua kisu. Nisamehe, nimekikata. Nikatoboa matundu kwa msumari wa moto, nikakifunga chini ya traki ya mbele. Jumapili hiyo niliteremka, nikapita vikombe vyote na hata sauti ya plastiki sikuisikia. Nilifika chini nikakaa barabarani nikacheka peke yangu. Ulikuwa kama ubao mwingine. Nilikuwa nikiwaza kona, umeshageuka.

Sasa mwenye nyumba wangu. Fundi Gwandu ni mtu mwema, naomba ulijue hilo kabla hujasoma mengine. Ila ametumia maisha yake chini ya magari yanayoshuka kreta. Barabara ya kule ina rasta, vile vituta vidogo vilivyofuatana, mpaka meno yanagongana, na gari ambalo stelingi yake inacheza yeye halitoi getini, hata mwenye kampuni alie. Nimeshamwona akimnyang'anya dereva ufunguo na wageni wakiwa wameshakaa ndani. Jioni moja alinikuta uani nafunga traki zangu. Akaushika ubao, akausukuma kwa kidole gumba upande wa mbele, ukalala. Akausukuma nyuma, haukutikisika.

"Nani amekufungia hivi?"

"Nimefunga mwenyewe, baba."

"Mbele imelegea hivi? Hiyo ni stelingi inayocheza, mwanangu."

"Siyo gari, baba. Huu unatakiwa hivyo. Mbele ilegee, nyuma ikaze."

"Kina magurudumu manne, kinateremka, kina mtu juu yake," akasema. "Mimi hicho nakiita gari. Na huu uchafu wa tairi ni wa nini?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akanitazama goti, akaingia ndani. Nilidhani yameisha. Mama akaniletea maji ya moto na chumvi ya kukanda.

Jumamosi, siku moja kabla ya watu wa Arusha kufika, ndipo ulipopiga simu wewe. Nilikuwa nimesimama juu ya beseni la mashuka, nimeshika simu kwa bega. Nilianza kukwambia kwamba kesho yake ndiyo siku yenyewe. Haloo, haloo. Halafu ukasema umeshaongea na mwalimu mkuu wa shule moja ya Soitsambu, wanahitaji mtu wa kuwaangalia mabinti wa bweni, umemwambia mdogo wako anakuja shule zikifunguliwa, na umeshamshukuru. Ukasema na yeyo amefurahi sana. Ukasema, "Sasa utakuwa karibu, tumekutafutia mahali pazuri." Na laini ikakatika.

Sikupiga tena. Ningepiga ningekutukana, na wewe ndiye uliyenilea baada ya baba. Ninajua ni kazi nzuri. Ninajua ulitembea mpaka Soitsambu kwa miguu yako kwa ajili yangu, na jua la huko nalijua. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi! Ungekuwa umenifanyia ubaya ningejua la kusema. Niliyapigiza yale mashuka kwenye jiwe mpaka mwenzangu akaniambia niwahurumie wageni, watalalia matundu.

Jumapili ikafika. Kwa vile nilikuwa na zamu ya asubuhi, ubao niliuacha gerejini tangu jana yake, na fundi akasema atanibebea kwenye pikapu wakitoka kanisani. Alikuja amevaa koti lake la ibada, mama na kitenge chake kipya, na nyuma yao nusu ya kwaya ambao hawajawahi kuona ubao ukiteremka. Akaushusha yeye mwenyewe na kunikabidhi kwa mikono miwili. Alikuwa ameufuta mpaka unang'aa. Nilishukuru, kichwa changu kikiwa bado Soitsambu, sikuugeuza kuangalia chini. Jina langu likaitwa, nikapanda juu.

Kikombe cha kwanza nilikipita. Cha pili niliegemea, ubao ukaendelea na safari yake. Nikaegemea kwa nguvu zote, ubao ukakataa. Nikakigonga, nikagonga kilichofuata, nikagonga kilichofuata hicho, vikawa vinaruka pande zote na watu wanapiga kelele, "Mmasai anaswaga vikombe!" Nilifika chini mtaroni, kiganja kimechanika. Nilipougeuza ubao nikaona. Kisigino changu hakipo. Mahali pake kuna mpira mpya, umekatwa vizuri kwa kipimo, na nyuma kumewekwa mwingine uliokatwa hivyo hivyo, unene sawa sawa. Nati zote mbili zimekazwa mpaka mwisho. Kazi safi, kaka, kazi ya fundi mkubwa.

Nikauliza kwa sauti, "Nani amefanya hivi?"

Fundi Gwandu akasogea mbele ya watu, anatabasamu. "Mimi. Nimekukazia jana jioni. Sasa huanguki tena."

"Nani alikuomba?"

Hapo ndipo nilipokosa adabu. Nilisema hivyo mbele ya mkewe, mbele ya kwaya, mbele ya wageni wa Arusha, kwa mtu ambaye ni rika la baba yetu. Na sikuishia hapo. Nikasema, "Nilikueleza, baba! Nilikueleza kwa mdomo wangu, ukanisikia, ukaenda kufanya la kwako. Umeniharibia." Sauti yangu niliisikia mwenyewe inavyopanda. Mama akashika mdomo. Tabasamu lilimtoka fundi polepole, akageuka, akaelekea kwenye pikapu yake.

Elibariki akaja anakimbia. "Dada, una mteremko mmoja bado. Wengine wanamalizia. Funga upya, fasta!" Nifunge kwa kitu gani? Spana ya klabu tulikuwa tumeisahau kwa mtu, na spana nyingine zote za pale zilikuwa kwenye mfuko wa mtu niliyetoka kumtukana. Nikabaki nimeshika ubao kama mjinga. Kaka, nilikuwa na hasira naye mpaka macho yanawasha, na nilikuwa nahitaji spana yake, na nilikuwa naona aibu, vyote kwa pamoja. Nikamfuata.

Alikuwa amekaa kwenye usukani, mlango wazi, gari limezimwa. Nikasimama pale. Sikupata maneno ya msamaha, nisikudanganye. Nikasema tu, "Baba, naomba spana na bisibisi."

Akainama, akafungua mfuko wake wa vifaa, akanipa. Kisha akaingiza mkono kwenye koti la ibada, akatoa kitu kimezungushiwa gazeti. Kisigino changu cha katambuga. Hakukitupa. Alikuwa amekisafisha hata udongo.

"Niliona damu kwenye goti lako," akasema, bila kunitazama. Akafunga mlango.

Nikakaa chini pembeni ya barabara, nikafungua boluti za mbele, nikang'oa ule mpira wake mzuri, nikarudisha kisigino, nikalegeza nati. Vijana wa bodaboda walinizunguka kunishauri, kila mmoja na lake. Niliwafukuza wote. Jina langu lilipoitwa boluti ya mwisho ilikuwa bado inazunguka.

Niliteremka, kaka. Kushoto, kulia, kushoto, sikugusa kitu. Sikumbuki watu walisema nini. Nakumbuka mguu wangu wa mbele ulikuwa unaamua na ubao unausikia, na nyuma inanifuata imetulia. Nilipofika chini Elibariki alinibeba juu juu akisema, "Umetisha, dada, umetisha!" Wale wa Arusha wakaangalia saa zao, wakaangalia tena, wakanipa mkono. Nafasi ni yangu. Naondoka mwisho wa mwezi huu.

Nilitafuta pikapu. Haikuwepo.

Hiyo ndiyo furaha yangu, na sikuifaidi hata kidogo. Jumapili jioni fundi alikula chumbani. Jumatatu akatoka mapema kwenda kuchukua gari lililokwama njia ya Mbulu. Jumanne nilimsalimu, akaitika kwa heshima kama anavyomwitikia mpangaji. Nilimwomba radhi siku hiyo, nikiwa nimesimama mlangoni, akasema, "Yameisha, binti." Sikumwamini, maana siku zote ananiita mwanangu. Nikazidi kukasirika: nikikaa kimya nakosea, nikiomba radhi haitoshi, na yeye ndiye aliyeshika kitu changu bila ruhusa! Mama akaniambia nimpe muda, kwamba Gwandu hajawahi kuambiwa na mtu kwamba spana yake imeharibu kitu.

Jana mchana nilikuwa uani naanika nguo zangu. Akatoka gerejini na mikono ina grisi, akachukua ubao ulipokuwa umeegemea ukuta, akakaa juu ya tairi la spea, akauweka mapajani chini juu. Akatoa spana mfukoni. Mimi nikasema moyoni, sasa anakaza tena. Akaiweka spana kwenye nati ya mbele, akaituliza hapo hapo, akaniangalia.

"Mbele niilegeze kiasi gani?"

Nikaacha nguo. "Legeza, nitakwambia."

Akazungusha kidogo. "Hapa?"

"Bado."

"Hapa?"

"Bado, baba."

Akavuta pumzi, naona kabisa inamuuma, akazungusha tena. Jasho lilikuwa linamtoka kama mtu anayeinua injini. "Mwanangu, hapa?"

"Hapo hapo."

Akaondoa spana. Akausukuma ubao kwa kidole gumba, ukalala, akafumba macho. "Haya," akasema, "ni wako." Akarudi kwenye gari lake.

Nililia, kaka. Sikulia nilipoanguka wala niliposhinda, nililia pale kwenye kamba ya nguo na soksi mkononi.

Sasa nimefika kwako, na ninakuomba usiikunje. Sitakwenda Soitsambu. Mwambie mwalimu mkuu asante kubwa, na amtafute mwingine mapema ili asikwame. Najua utaona aibu kurudi kwake, na hilo linaniuma, kwa sababu ulitoa neno lako. Lakini ulitoa neno lako juu ya miguu yangu. Ulikaza wewe, yeyo akakaza, wote kwa mapenzi, na mimi ndiye niliye juu ya ubao ninateremka. Sikatai kushikwa. Nyuma nishikeni, nishikeni sana, maana bila boma letu mimi nayumba. Ile ya mbele mniulize kwanza. Ungepiga simu ukasema, "Nashipai, kuna kazi Soitsambu, unaonaje?" ningekujibu vizuri, huenda tungebishana, lakini nisingepigiza mashuka ya watu kwenye jiwe.

Kabla ya kwenda Arusha nitapanda hilo hilo lori nije kulala kwenu, niwaone. Ukinikasirikia nikasirikie nikiwa hapo, nikiwa nakunywa chai ya wifi, siyo kilimani kwenye upepo.

Msalimie yeyo, umweleze polepole, na umwambie mafuta ya kondoo ya kifua namletea. Msalimie wifi, nimemwekea vitambaa viwili. Wape watoto salamu za shangazi yao, mwambie yule mkubwa ubao nitakuja nao ila huko hakuna lami, asitarajie maajabu. Bibi yetu, koko, umpe mkono, umwamkie takwenya kutoka kwangu, na umsubiri mpaka aitike, maana huwa unaondoka haraka.

Na jambo moja la mwisho. Katambuga zangu sasa ni moja na nusu. Kama bado una kipande cha lile tairi, nikatie nyingine kabla sijafika. Zile za mwanzo ulikata kwa kukisia, mguu ulikuwa wa kitoto. Nyuma ya karatasi hii nimekanyaga na kuuchora wote, kisigino mpaka kidole. Fuata huo mstari, usikate kwa kukumbuka.

Mdogo wako,
Nashipai